Kabla ya kusaini kandarasi: Bima hulinda nyumba, dhamana inaweza kuichukua

Singida. Barua ya kushinda zabuni ikifika katika nyumba ya mkandarasi mdogo, furaha huwa ya wote. Mmoja anahesabu ada ya shule, mwingine anawaza bati za kumalizia chumba cha uani, na simu zinaanza kupigwa kwa mafundi na vibarua. Kisha barua inasomwa tena kwa utulivu, na mistari michache ya mwisho inaondoa usingizi: mshindi alete bima za kazi na dhamana ya utekelezaji kabla ya kukabidhiwa eneo la ujenzi.

Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, yenye visima vinavyochangia maji ya mji huo. Kama ilivyo kwa kata nyingine za pembezoni mwa mji, kazi ambazo mkandarasi mdogo huzitazamia ni madarasa, vyoo vya shule, nyumba za walimu, mitaro ya mabomba na matengenezo ya barabara. Ni kazi za makumi ya mamilioni ya shilingi, si mabilioni. Hata hivyo, masharti ya bima yaliyomo ndani yake hufanana sana na yale ya kazi kubwa.

Kwa familia nyingi, sharti hilo huonekana kama karatasi moja zaidi ya kutafuta mjini ili kazi ianze. Mtazamo huo una gharama, kwa sababu ndani ya sharti moja mna vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Kimoja kinaikinga familia, kingine kinaweza kuifilisi. Na vyote viwili huweza kupatikana katika ofisi moja, siku moja, kwa karatasi zenye nembo ileile.

Bima na dhamana ni vitu viwili

Bima ni kinga. Mkandarasi analipa ada, na likitokea janga lililotajwa kwenye hati, kampuni ya bima inalipa hasara. Ikishalipa, haimgeukii mkandarasi huyo na kumtaka arudishe fedha ilizotoa.

Dhamana ni ahadi anayopewa mwenye kazi, kwa mfano halmashauri au shule. Benki au kampuni ya bima inamwambia: mkandarasi huyu akishindwa, tutakulipa kiasi hiki. Fedha hizo haziingii mfukoni mwa mkandarasi hata siku moja. Zikishalipwa, mdhamini anamfuata mkandarasi arudishe zote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mdhamini haki hiyo hata pale ambapo haikuandikwa kwenye makubaliano yao.

Dhamana zinazojulikana zaidi ni tatu. Dhamana ya zabuni huhakikisha kwamba mshindi hatakimbia kazi. Dhamana ya malipo ya awali hulinda fedha ambazo mwenye kazi ametanguliza. Dhamana ya utekelezaji hulipa pale mkandarasi anaposhindwa kutimiza mkataba.

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Dhamana ikitolewa na kampuni ya bima, mkandarasi husema nyumbani kwamba “amekata bima”. Hajakata. Ameweka ahadi ya mtu mwingine juu ya mgongo wake, na mara nyingi ametia saini fomu inayosema kwamba atarudisha kila senti itakayolipwa. Fomu hiyo huweza kumbana yeye binafsi hata kama kampuni yake ni ya dhima yenye ukomo.

Mkataba unadai bima zipi

Katika mikataba mingi ya kawaida ya ujenzi wa umma, mkandarasi hutakiwa kuleta bima ya mambo manne: kazi yenyewe pamoja na vifaa vya ujenzi, mitambo na zana, mali za watu wengine, na majeraha au vifo. Bima hiyo huandikwa kwa majina ya pande zote mbili, mwenye kazi na mkandarasi, na huanza siku ya kuanza kazi hadi mwisho wa kipindi cha matazamio. Viwango vyake hutajwa kwenye masharti maalumu ya mkataba. Ndiyo maana kurasa hizo zinapaswa kusomwa kabla ya kujaza bei.

Bima ya kazi yenyewe hufahamika kama bima ya hatari zote za mkandarasi. Anayemiliki gari anaweza kuilinganisha na bima kubwa. Inalipa jengo linaloendelea kujengwa likiungua, likibomolewa na mafuriko au likiezuliwa na upepo. Kwa Singida jambo hili si la mbali. Mkoa una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na jengo lililopigwa kenchi na bati lakini bado halijafungwa madirisha ni rahisi kuezuliwa. Kwa kuwa kazi haijakabidhiwa, mwenye kuirudia kwa kawaida ni mkandarasi.

Bima ya madhara kwa watu wengine ndiyo inayofanana na bima ndogo ya gari. Mtaro wa bomba ulioachwa wazi jioni, mtoto akatumbukia na kuvunjika mguu. Tofali likadondoka juu ya pikipiki ya jirani. Madhara ya saiti hayaishii kwenye uzio. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Kazi za Mwankoko ni ndogo kuliko ile, lakini ukuta wa darasa unatosha kuua mtoto mmoja, na kwa mzazi wa mtoto huyo hakuna ajali ndogo.

Kibarua naye ana watoto

Kwa wafanyakazi wa saiti upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Kila mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuchangia. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na ni wa mwajiri peke yake. Kumkata kibarua fedha hiyo si sahihi.

Mfanyakazi aliyeumia kazini hupata matibabu na fidia ya ulemavu wa muda au wa kudumu. Akifariki, Mfuko hutoa msaada wa mazishi na kuwalipa wategemezi wake. Hesabu yake inashangaza wengi. Kama mishahara yote ya kazi ni Sh9 milioni, mchango ni Sh45,000. Ni bei ya mifuko michache tu ya saruji, nayo inasimama kati ya familia ya kibarua na umaskini wa maisha.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, fidia ya ulemavu hukokotolewa kutokana na kipato cha mfanyakazi, hivyo mwajiri anayeandika mshahara mdogo kuliko anaoulipa anawapunjia watoto wa kibarua wake. La pili, mwenye kampuni mwenyewe si lazima awe ndani ya kinga hiyo. WCF ni kwa ajili ya waajiriwa. Mkandarasi anayefanya biashara kwa jina lake, asiye na mkataba wa ajira, akianguka kutoka kwenye kenchi anaweza kukuta amewakinga wote isipokuwa yeye. Bima ya ajali binafsi hununuliwa kando, na katika nyumba inayotegemea mikono yake, pengine ndiyo ya kwanza kufikiriwa.

Hili linawahusu pia mafundi wanaopewa kazi za shule na zahanati kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambako kamati hununua vifaa na fundi hulipwa ufundi. Fundi wa namna hiyo huenda asidaiwe hati ya bima na mtu yeyote. Anapowaajiri wasaidizi sita, bado ni mwajiri.

Hesabu ya mezani

Chukua mfano wa kazi ya Sh60 milioni ya kujenga vyumba vya madarasa. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, kwa kuwa kila kampuni hupanga ada yake na kila mkataba una viwango vyake.

Ada ya bima ya kazi na ya madhara kwa wengine, pamoja na kodi, ni Sh400,000. Hati inasema kwamba katika kila tukio mkandarasi atabeba Sh1 milioni ya kwanza. Upepo unaondoa paa lenye thamani ya Sh8 milioni. Bima inalipa Sh7 milioni. Bila bima, Sh8 milioni zote zinatoka nyumbani, na kwa kawaida hutoka kwenye shamba, mifugo au mkopo.

Sasa mkandarasi huyohuyo aseme kazi ina thamani ya Sh30 milioni ili apunguziwe ada. Siku ya hasara, kampuni ya bima inaona kwamba amekatia nusu tu ya thamani. Inapunguza malipo kwa uwiano huo: ile Sh8 milioni inahesabiwa kama Sh4 milioni, na bado mkandarasi anabeba ile milioni ya kwanza. Anabaki na Sh3 milioni za kujengea paa la Sh8 milioni. Kudanganya thamani ni kuokoa laki moja au mbili na kupoteza mamilioni.

Upande wa dhamana, tuseme mkataba unataka asilimia 10, yaani Sh6 milioni. Kazi inakwama, halmashauri inavunja mkataba na kudai dhamana. Benki inalipa Sh6 milioni, kisha inamwandikia mkandarasi arudishe Sh6 milioni. Kama dhamana ni ya kulipwa pale inapodaiwa, benki hailazimiki kusubiri ugomvi wa pande mbili uishe. Inalipa kwanza, mkandarasi anabishana baadaye.

Mahali pa kubebesha gharama hizi ni kwenye bei ya zabuni. Katika mchanganuo wa gharama, ambao mafundi wengi huuita BOQ, bima na dhamana huwa na mistari yake mwanzoni. Anayeweka sifuri hapo ili bei yake iwe ya chini hajaifuta gharama. Ameihamishia jikoni kwake. Mikataba mingi pia inaruhusu mwenye kazi kukata bima mwenyewe kama mkandarasi hakuleta, na kurudisha ada hiyo kwa kuikata kwenye malipo yake.

Mambo ambayo bima hailipi

Jina “hatari zote” limewapotosha wengi. Hati za aina hii kwa kawaida hazilipi gharama ya kurekebisha kazi mbovu au vifaa vibovu. Zege lililochanganywa vibaya hurudiwa kwa fedha za mkandarasi. Hazilipi faini ya kuchelewesha kazi. Hazilipi upungufu unaogundulika wakati wa kuhesabu stoo, bila kujulikana lini na namna gani mali ilitoweka. Zikitokea hasara wakati kazi imesimama, kampuni inaweza kukataa, hivyo kusimama kokote kutolewe taarifa.

Mtego mwingine ni tarehe. Kazi ya miezi minne ikienda miezi saba kwa sababu malipo yamechelewa, bima ya miezi minne haiongezeki yenyewe. Upepo wa mwezi wa tano unakuta jengo halina kinga. Barua ya kuongezewa muda wa kazi iende pamoja na ombi la kuongeza muda wa bima, siku ileile.

Na ada ilipwe. Hapa nchini bima haianzi kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi: hakuna ada, hakuna bima. Hati inapaswa kuonekana kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambao humwezesha mteja kuihakiki kwa simu. Karatasi isiyoonekana kwenye mfumo inaweza kumfukuzisha kazi mkandarasi kabla hata msingi haujachimbwa.

Nyumba ikitajwa, wote waitwe

Benki ikiombwa dhamana, mara nyingi hutaka fedha taslimu ziwekwe kama kinga, au mali isiyohamishika. Mkandarasi mdogo hana fedha ya kufungia benki miezi sita. Alichonacho ni nyumba au kiwanja.

Sheria haimwachii jambo hilo mtu mmoja. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa hiyo kwa rehani ya nyumba ya familia. Kwa hiyo fomu anayopelekewa mke au mume ili “atie saini tu, ni taratibu za benki” ndiyo karatasi nzito kuliko zote katika kandarasi hiyo. Anayetia saini ana haki ya kuisoma, kuuliza kiasi, kuuliza tarehe ya mwisho, na kusema hapana.

Zipo njia zisizogusa nyumba. Zabuni nyingi ndogo hutumia tamko la dhamana ya zabuni, ambalo ni ahadi ya maandishi bila fedha, ingawa anayelivunja anaweza kufungiwa kushiriki zabuni. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ina mfuko wa kusaidia makandarasi wadogo wa ndani kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Kujiunga mapema, kabla ya kuwa na zabuni mkononi, ni bora kuliko kukimbilia huko siku mbili kabla ya mwisho. Vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu navyo vimetengewa asilimia 30 ya manunuzi ya umma. Kikundi kinachotaka kazi hizo kiulize mapema ni dhamana gani kitadaiwa na ipi kimesamehewa.

Wapo pia wanaotumia makampuni ya bima kupata dhamana kwa kuwa masharti yake huwa mepesi kuliko ya benki. Hakuna ubaya, mradi familia ijue kwamba wepesi ni wa kuingia. Siku ya kudaiwa, deni ni lilelile.

Maswali ya kuuliza kabla ya saini

Jioni moja inatosha kwa mazungumzo haya, watoto wakubwa wakiwapo.

Mkataba unataka bima zipi, kwa kiasi gani na hadi lini? Je, gharama zake zilikuwamo kwenye bei yetu? Katika kila tukio, ni kiasi gani cha kwanza tutakachobeba wenyewe, na je, kiasi hicho tunacho? Thamani iliyoandikwa kwenye hati ni thamani kamili ya kazi? Vibarua wameandikishwa WCF, na mwenye kampuni naye amekingwa na nini?

Kuhusu dhamana: inalipwa pale tu inapodaiwa, au hadi ithibitishwe kwamba tumeshindwa? Inaisha lini? Ni mali gani imewekwa, na nani ametia saini binafsi? Kazi ikiisha, hati halisi ya dhamana irudishwe kwa aliyeitoa na barua ya kufutwa kwake itunzwe. Dhamana iliyosahaulika kwenye faili la mtu inaweza kuendelea kuishikilia mali ya familia bila sababu.

Nakala za hati zote zikae mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anapajua. Ajali ikitokea, mwenye kampuni anaweza kuwa ndiye aliyelazwa. Mwenzake anapaswa kujua namba ya hati, simu ya kampuni au wakala wa bima, na kwamba taarifa hutolewa mara moja, picha zikipigwa kabla kifusi hakijaondolewa. Kampuni ikikataa kulipa na maelezo yake yasiridhishe, mteja anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, baada ya kuanza na kampuni yenyewe.

Zipo kazi ambazo, baada ya hesabu hii, haziachi faida. Bei ilikuwa ya chini mno, dhamana inataka nyumba, na kipindi cha ujenzi kinaangukia katikati ya mvua. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kupeleka bei, kwa sababu aliyetoa tamko au dhamana ya zabuni hawezi kujitoa bure baada ya kushinda. Kuiacha zabuni ya namna hiyo si woga. Mkandarasi atapata zabuni nyingine mwaka ujao kama bado ana jina safi na mahali pa kulala. Watoto wake watakumbuka zaidi kwamba hawakuhama kuliko kwamba baba au mama aliwahi kujenga madarasa mawili.